Gauni Lililosimama Peke Yake

Gauni lile lilisimama peke yake. Halikuwa na mtoto ndani wala kiango nyuma. Dobi alilitua sakafuni katikati ya chumba cha kupigia pasi, akaliachia, nalo likabaki wima, mikono imetanuka kidogo, kama mtu anayesubiri kuulizwa swali. Mama mkwe wake, aliyekuwa akirudishia vifungo vya mashati ya wateja karibu na mlango, alilitazama juu mpaka chini akasema kilichopungua ni kusalimia tu.

Watakuwepo watakaobisha. Wabishe. Mtaani kwao inajulikana kwamba dobi huyo aliwahi kuitia wanga suruali ya karani mmoja, karani akachelewa kuamka, suruali ikatangulia kazini na kutia sahihi daftari la mahudhurio. Hiyo ya suruali huenda imeongezwa chumvi njiani. Ya gauni ni kweli tupu.

Lilikuwa gauni jeupe la mtoto wa miaka kumi na mmoja. Mkewe ndiye aliyelishona, jioni tatu mfululizo, baada ya mikono yake kutoka kwenye beseni la kufulia ikiwa imekunjamana kama ya bibi kizee. Akamkabidhi mumewe alipige pasi, basi, pasi ya kawaida. Lakini dobi aliamka alfajiri na mapema, akapika wanga mzito, akalichovya gauni mara ya kwanza, akalichovya mara ya pili, na ya tatu akalichovya kwa mapenzi. Kisha akapanga marinda arobaini na manne, kila rinda likiwa na ncha inayoweza kukata sabuni. Mke alipouliza kama huo wanga haujazidi, alijibiwa kwamba mtu anayekwenda kuiwakilisha nchi haendi amelegea.

Nchi yenyewe ilikuwa bado haijaamua. Kulikuwa na mashindano ya kimataifa ya watoto waimbaji, kila nchi ikitakiwa kupeleka mtoto mmoja tu. Kwa miezi miwili majaji walikuwa wamesikiliza watoto mia kadhaa, wakachuja, wakachuja tena, wakabaki watano. Siku hiyo, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa kituo cha redio, kati ya watano angechaguliwa mmoja. Na mmojawapo wa hao watano alikuwa binti wa dobi, ambaye hakuna aliyemwita jina lake tangu ajue kusema, kwa sababu alianza kuimba kabla ya kusema. Walimwita Chiriku.

Chiriku hakufundishwa na mtu. Alikulia juu ya robota za nguo chafu, akiimba mama yake akisuuza na baba yake akinyoosha. Wateja walikuwa wakileta shati moja ili wapate sababu ya kukaa. Mtu anaacha shati lake, anaambiwa arudi Ijumaa, anasema hapana, nitalisubiri, na shati lenyewe halijalowekwa.

Karatasi ya masharti ilikuwa imebandikwa ukutani kwa wiki nzima, pembeni ya bei za kufua mablanketi, hata mama mkwe asiyejua kusoma alikuwa ameihifadhi kichwani. Kila mtoto ataimba mara moja. Akiharibikiwa kwa kosa la mitambo, atarudia. Akiharibikiwa kwa kosa lake mwenyewe au la mzazi wake, harudii. Mama mkwe alisema masharti hayo ni mazuri, yangefaa yawepo kwenye ndoa.

Ukumbini walifika mapema, wakamsimamisha Chiriku kando ya ukuta. Kukaa hawezi: akikaa, marinda yatavunjika. Njia nzima alikuwa amesimama vilevile, na watu waliompisha walimpisha kwa heshima inayotolewa kwa kioo cha kabati. Baba mmoja, ambaye mwanawe naye alikuwa miongoni mwa watano, alimsogelea dobi akamuuliza kwa sauti ya huruma kama mtoto amevunjika mahali. Dobi akamuuliza kwa nini. Yule baba akasema aliona kama amefungwa plasta mwili mzima.

Dobi akampa kisogo. Alikaa akawasoma watu kwa kola zao, maana ndivyo alivyozoea kusoma. Kola iliyopauka ni ya mtu mwenye shati moja. Kola yenye alama ya pasi ni ya mtu mwenye haraka. Safu ya mbele yake alikaa muuguzi mmoja aliyekuwa ametoka moja kwa moja kwenye zamu, sare yake imejikunja mgongoni, ukosi umelala upande. Kando yake alikuwa binti yake mwembamba mwenye sketi ya shule. Dobi akamnong'oneza mkewe kwamba kuna watu hawaoni aibu: mtoto anaitwa na taifa, mzazi anakuja kama kitanda kisichotandikwa.

"Hukuletwa hapa kukagua pasi," mkewe akamwambia. "Tulia."

Watoto waliimba mmoja mmoja, na baada ya kila mmoja alama ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao mkubwa, mbele ya wote. Wa kwanza alipata sabini na moja. Wa pili, sabini na nne. Wa tatu alisahau ubeti, akaokota maneno mengine njiani, akapewa sitini na nane. Wa nne alikuwa binti wa muuguzi. Aliimba amefumbata mikono yake nyuma, bila mbwembwe, sauti ikipita laini kama uzi unaoingia kwenye tundu la sindano, na watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Themanini na sita. Muuguzi alifunika uso kwa viganja vyote viwili, na dobi, pamoja na mambo yake ya kola, alikubali moyoni kwamba mtoto anajua.

Akaitwa wa tano.

Chiriku alipanda jukwaani kwa hatua fupifupi, kwa kuwa gauni halikuruhusu ndefu. Ala zikaanza. Akavuta pumzi, na ukumbi mzima ukasikia kitu kama mtu anayetembea juu ya bati. Akaimba mstari wa kwanza. Akavuta pumzi tena: bati tena. Kila alipoinua mkono, maiki ilipokea mkwaruzo ikautoa kwenye spika ukiwa mkubwa kama radi. Lakini mkwaruzo haukuwa ndio tabu yake kubwa. Kifua cha gauni kilikataa kutanuka. Mtoto alikuwa akiomba pumzi kamili, anapewa nusu, na kwa nusu hiyo alifika karibu na sauti ya juu, ile ambayo wateja walikuwa wakiisubiri mpaka Ijumaa, akaikosa. Ikakatika kama kamba ya kuanikia. Watu wengine walicheka, si kwa ubaya, kwa kushtuka tu. Chiriku akanyamaza, akabaki amesimama kama lile gauni.

Mwenyekiti wa majaji, mwalimu wa muziki aliyestaafu, mama wa makamo ya kupewa shikamoo, aliinua mkono ala zinyamaze. Akauliza kuna nini. Fundi mitambo, kijana mwenye nyaya shingoni, alipanda jukwaani mbio. Akagonga maiki. Akainusa, kama wafanyavyo mafundi. Kisha akainama kwa Chiriku kumweka sawa, mkono wake ukagusa bega la gauni, na gauni likasema kwacha.

Fundi akagusa tena, kwa kidole kimoja. Kwacha. Akamtazama mtoto. Akatazama chini walikokaa wazazi wake, akamwona baba amekunja mikono, hajaelewa bado. Halafu akageuka kwa majaji.

"Ni maiki yangu," akasema. "Kosa la mitambo."

Mwenyekiti alimkaripia pale pale mbele za watu. Alimuuliza kama hiyo mitambo aliipima asubuhi au aliipigia ramli. Alimwambia kwamba hiyo ilikuwa aibu ya kituo kizima, na kwamba aandike taarifa kwa mkono wake, aipeleke kwa mkubwa wake kabla ya saa sita. Fundi alisema ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, huku akitazama viatu vyake. Ikatangazwa mapumziko ya dakika kumi na tano. Mtoto angerudia.

Kwenye korido mama alimpokea binti yake, akamkumbatia, na gauni likalalamika kati yao. Mama akaacha kukumbatia. Akabonyeza kifua cha gauni kwa gumba, hakikubonyea. Akamgeukia mumewe, hakusema neno. Na kuna kutosema neno kwa mke ambako ni afadhali mvua ya mawe.

Dobi naye akabonyeza. Miaka ishirini na saba mikono ile ilikuwa imetambua wanga gizani, na sasa ilikuwa kama inaugusa mara ya kwanza. Akakumbuka sauti ya bati. Akakumbuka mtoto akiomba pumzi.

"Si maiki," akasema.

"Si maiki," mama mkwe akakubali. "Na yule kijana kajua. Mungu ambariki. Sasa tumlegeze mtoto upesi, arudi akaimbe."

Dobi alisema ngoja kwanza. Akaenda mpaka mwisho wa korido, akamkuta fundi ameinamia kimeza, anaandika taarifa yake ya makosa kwa herufi kubwa za mtu asiyependa kuandika. Dobi akamwambia anajua kwamba kosa ni la gauni. Fundi akamwomba apunguze sauti. Dobi akauliza watamfanya nini huko kwa mkubwa wake. Fundi akasema ama watamkata mshahara wa siku kadhaa, ama watamkumbusha kwamba mkataba wake unaisha mwezi ujao, moja kati ya hayo, hajui lipi.

"Sasa kwa nini ulisema vile?"

"Mzee, kazi yangu ni kusikiliza," fundi akasema. "Nimemsikiliza binti yako wiki mbili za mazoezi. Sauti ile haiwezi kufa kwa sababu ya gauni. Nenda kamwandae."

Dobi akarudi. Kama angekuwa mtu wa kupiga kelele, mambo yangekwisha haraka; lakini alirudi polepole, na mama mkwe, aliyemfahamu mwendo, alijua kinachokuja. Akamwahi kabla hajafika. Alimwambia kwamba ukweli ni mtamu kwa mtu aliyekwisha kushiba. Alimwambia kwamba kijana yule amejitolea mwenyewe, hakushikiwa panga. Masharti yapo ukutani nyumbani, wote wanayajua: kosa la mzazi, mtoto harudii. Akisema, amemfunga mwanawe mdomo kwa mkono wake. Mke alisikiliza yote hayo akiwa amemshika Chiriku mkono, na alipoulizwa yeye anasemaje, alisema hajui, na machozi yakamtoka, kwa sababu alijua vizuri sana.

Basi dobi alichuchumaa mbele ya binti yake. Akamweleza bila kupamba: nguo ni kosa la baba, yule kaka wa mitambo amelibeba, tukinyamaza utaimba na yeye ataumia, tukisema huenda usiimbe kabisa.

Chiriku aliwatazama watu wazima watatu wa nyumba yao. Kisha akamtazama fundi kule mwisho wa korido, bado ameinama anaandika.

"Kaseme haraka, baba," akasema. "Koo linapoa."

Watu walikuwa wanarudi vitini wakati dobi aliposimama mbele ya meza ya majaji. Hakuwahi kusema mbele ya watu zaidi ya watatu, na hao watatu walikuwa wakidai nguo zao. Akamwamkia mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia marahaba, akauliza shida. Dobi akasema yeye ni dobi. Akasema wanga wake ni mzuri, aulizwe mtu yeyote, ila leo ameutia mara tatu, na mara tatu ni nyingi kwa mtu anayetaka kupumua. Maiki ni nzima. Kosa ni lake, na fundi asiandike kitu.

Ukumbi ulicheka, safari hii sana. Yule baba wa plasta alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Dobi alisimama akapokea kicheko chote, masikio yakiwaka moto, hakukimbia.

Mwenyekiti hakucheka. Alimwita fundi, akamuuliza kama ni kweli, na fundi akakiri. Akamkaripia upya, sasa kwa kusema uongo, lakini taarifa akaichukua akaichana vipande vinne. Halafu akavua miwani. Alisema masharti ni masharti, hakuyatunga yeye. Mtoto amekwama kwa kosa la mzazi. Hana ruhusa ya kumrudisha jukwaani, isipokuwa wazazi wa watoto wengine wanne wakubali wote, mmoja baada ya mwingine. Akikataa hata mmoja, basi.

Watatu walikubali upesi. Si ajabu: watoto wao walikwisha kupitwa, na huruma ni rahisi kwa asiyekuwa na la kupoteza. Yule baba wa plasta hata alikubali kwa mikono miwili. Akabaki muuguzi. Macho yote yakageukia sare iliyojikunja.

Muuguzi aliinua macho. Ubao ulikuwa mbele yake, themanini na sita imeandikwa kwa chaki, hakuna wa kuifuta ila yeye. Akamwinamia binti yake wakasemezana. Mtoto alitikisa kichwa kukataa. Wakasemezana tena. Mtoto akatazama sakafu, kisha akainua mabega, namna watoto wanavyokubali jambo wasilolipenda.

Muuguzi akasimama.

"Hilo gauni linalainika kwa kitu gani?" akamuuliza dobi.

"Kwa maji, dada."

"Basi lilainishe. Mtoto apumue."

Chupa ya maji ililetwa. Siku hizi madobi wana vipulizio vya plastiki, lakini kipulizio kilikuwa nyumbani, na dobi huyu alijifunza kazi enzi za mdomo. Akajaza maji kinywani mpaka mashavu yakawa kama ya mpiga tarumbeta, akamzunguka binti yake, akampulizia manyunyu mara moja, mara mbili, mara tano, na wanaosema upinde wa mvua ulionekana ukumbini nao waachwe wabishiwe. Watu walikuwa wanacheka tena, hakuwasikia. Kisha akapiga magoti, akashika yale marinda arobaini na manne aliyoyapanga tangu alfajiri, akayafinyanga kwa mikono yake yote miwili, akayafikicha, akayavunja moja baada ya jingine, huku mkewe akifungua vifungo viwili vya mgongoni. Alipomaliza, gauni lilikuwa limelala juu ya mtoto kama kitambaa cha kufutia meza.

"Vuta pumzi," akamwambia.

Chiriku akavuta. Gauni likakaa kimya.

Akapanda akiacha nyayo za maji. Aliimba wimbo uleule, wa mvua iliyochelewa, na alipofika kule juu alikokatikia, hakuharakisha. Alisimama kidogo kama mtu anayepanga beseni kichwani, akapanda. Sauti ilikwenda mpaka kwenye paa, ikakaa huko, ikashuka yenyewe ilipotaka. Mama yake alikuwa anapumua pamoja naye bila kujua. Mama mkwe alisema baadaye kwamba taa mbili zilizoungua siku nyingi ziliwaka, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anatazama taa, hatuna wa kumpinga.

Majaji waliandika, wakapitishiana karatasi. Mwenyekiti mwenyewe akaenda ubaoni na chaki. Themanini na tisa.

Mke wa dobi alikaa chini sakafuni. Mama mkwe alianza kupiga kigelegele, akakikatiza katikati, kwa sababu safu ya mbele yao binti wa muuguzi alikuwa analia. Hakulia kwa sauti. Alilia ameegemea ile sare, na mama yake anamfuta kwa ncha ya mkono wa nguo.

Mwenyekiti alitangaza rasmi mtoto atakayeiwakilisha nchi, watu wakamzunguka Chiriku, wapiga picha wakataka apigwe picha pamoja na wazazi wote wawili. Baba hakuonekana. Alikuwa amesimama mbele ya muuguzi, hajui mikono aiweke wapi.

Alianza kumwambia kwamba asubuhi alimsema vibaya kwa mkewe, kwa ajili ya nguo zake. Muuguzi akasema hakusikia, na hata angesikia, alikuwa na usingizi. Dobi akasema amewanyang'anya ushindi.

"Hujatunyang'anya," muuguzi akasema. "Binti yangu kashindwa na wimbo. Angeshinda kwa sababu ya wanga, ningekwenda kumwambia nini nyumbani?"

Dobi alimshika mkono kwa mikono yake miwili iliyolowa. "Asante, dada," akasema. Akasema tena. Maneno mengine aliyokuwa ameyapanga hayakuja, lilikuja lile moja tu, akalirudia mpaka mtoto wa muuguzi akaacha kulia akaanza kumhesabia.

"Saba," mtoto akasema.

"Zinatosha, kaka," muuguzi akasema, naye sasa alikuwa anacheka kidogo, macho mekundu ya usingizi. "Zilizobaki mpelekee yule wa mitambo. Yeye ndiye aliyesemwa mbele za watu."

Fundi alikuwa jukwaani peke yake, anakusanya nyaya. Dobi alipanda. Alifungua mdomo, akakuta asante zote zimekwisha kule chini. Basi akainama, akaokota ncha ya pili ya waya mrefu, akaunyoosha. Fundi akamtazama, akaunyoosha upande wake. Wakasogeleana hatua kwa hatua wakiukunja, mpaka mikono yao ikakutana katikati.